Mpiga Mbiu na Mtu wa Pili

Ukitaka kujua watu wa mtaa wetu hapa Debre Birhan ni wema kiasi gani, waombe chakula. Watakupa. Mdogo wangu Zewdu amelishwa na mtaa mzima: mkate wa injera wa huyu, mchuzi wa yule, gabi kuukuu la kujitanda kutoka kwa mjane wa jirani, viatu vya marehemu fulani ambavyo havikumtosha mtu mwingine. Lakini waombe wakuwekee sahihi ya udhamini upate kazi, hapo utaona kila mmoja anakumbuka ameacha maziwa jikoni.

Kwetu hakuna kazi bila mdhamini. Hata iwe kazi ya kulinda lango lisilo na nyumba nyuma yake, mwenye lango atakwambia ulete mtu mwenye mshahara atakayesaini kwamba ukiiba, atalipa yeye. Zewdu hajawahi kuiba hata kijiti cha kuchokolea meno. Alichowahi kufanya ni kuugua.

Aliugua akiwa kijana, akifanya kazi kiwandani kwenye mablanketi. Alianza kusikia watu wakimsema ndani ya mashine, halafu hao watu wakamfuata mpaka nyumbani. Akawa anaamka alfajiri na kuzunguka mtaa akihutubia nguzo za umeme, akitaja nani atakufa mwaka huu na nani atapona. Alitaja watu wengi sana. Baadhi yao wako hai mpaka leo na hawajamsamehe.

Mama alimpeleka mlimani kwenye maji ya baraka. Alikaa huko amefungwa mnyororo mguuni, na mtu mmoja akamwambia mama kwamba dawa za hospitali na maji ya baraka havikai chungu kimoja, azitupe. Mama akazitupa. Tulimrudisha Zewdu mifupa mitupu. Tukaja kupata kasisi mwenye akili zake aliyesema anywe dawa na maji anyunyiziwe, Mungu hana wivu na vidonge. Tangu hapo anachomwa sindano yake kila mwezi, na kwa miaka sasa amekuwa mzima kuliko mimi, maana mimi nikikaa na wanakamati wa mtaa wetu dakika chache tu napata kizunguzungu.

Haya, amepona. Kazi iko wapi? Alipata ya kuosha vyombo hotelini, na mwenye hoteli akamsifu kwa usafi, mpaka mteja mmoja alipomtambua kupitia dirisha la jikoni na kuuliza kama huyo ndiye anayeshika sahani zao. Kana kwamba kichaa kinapakwa kwenye sahani kama siagi. Akaenda kuchonga mawe ya barabara. Asubuhi msimamizi alimpa nyundo, mchana akasimuliwa habari zake, jioni akamnyang'anya nyundo na kumkabidhi ufagio. Nikamtafutia shuleni kazi ya kumwagilia bustani. Mwalimu mkuu akaniambia, kwa upole ule unaokera kuliko matusi, kwamba wao hawabagui mtu, wanaomba tu barua ya daktari isemayo kwamba hataugua tena. Nikamuuliza kama yeye barua ya namna hiyo anayo. Akaniambia, "Dada Tsige, usiwe mkali." Basi ndiyo sifa yangu mtaani: Tsige mpika injera, mkali.

Hata mimi nilimficha. Aliponisaidia kukanda unga wa injera pale uani, wateja wangu walianza kupungua mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Nikamhamishia nyuma ya nyumba. Mikono ni ile ile, unga ni ule ule, wateja wakarudi.

Sasa nije kwenye tarumbeta.

Mtaa wetu una chama cha kuzikana, kama mtaa wowote. Mtu akifa, alfajiri mpiga mbiu anapita na tarumbeta. Kila kona anasimama, anapuliza, anataja marehemu ni nani, mama wa nani au baba wa nani, atazikwa kanisa gani na saa ngapi. Hapo wanaume wanatoka kusimamisha turubai, wanawake wanabeba sufuria. Asiyetoka anapigwa faini, na faini si kitu. Ubaya ni kwamba siku yake ikifika watu watakumbuka.

Mpiga mbiu wetu wa miaka mingi, Gashe Lemma, maana wanaume wazee tunawaita Gashe kwa heshima, akafa. Hapakuwa na mtu wa kutangaza kifo cha mtangazaji. Wanakamati walisimama uani kwa marehemu wakitazamana, tarumbeta iko mezani, na baridi yetu ya alfajiri mnaijua nyinyi mnaoijua, umande unaganda juu ya majani na chuma kinashika midomo. Zewdu akaichukua. Hakuna aliyemtuma. Akazunguka kona zote bila kuruka hata moja, na watu wakatoka wote, wengine nadhani waliogopa kwamba Lemma anajitangaza mwenyewe. Mazishi yakajaa.

Siku chache baadaye, tukinywa kahawa, akaniambia, "Etiye, hii kazi naiweza." Etiye ndivyo anavyoniita, mimi dada yake mkubwa. Zewdu hakuwahi kutamka maneno hayo juu ya kazi yoyote. Zile nyingine zote mimi ndiye niliyesema anaziweza.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Gashe Kassahun ni karani mstaafu wa mahakama, na mpaka leo akikusalimu unahisi umehukumiwa. Akauliza mdhamini ni nani. Mama yetu, Emama Zenebech, akasimama na fimbo yake akasema ni yeye. Akaambiwa yeye hana mshahara. Basi nikageuka nikawatazama wengine, watu waliokula kwetu, waliolia kwetu, ambao watoto wao nimewabeba mgongoni. Kila mmoja alikuwa anakagua viatu vyake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Lakini hakukuwa na mtu mwingine aliyetaka kuamka saa kumi na moja alfajiri na kupuliza chuma baridi, kwa hiyo wakampa. Wakampa kwa masharti. Sharti la kwanza, siku akionyesha dalili, basi. Sharti la pili, asitembee peke yake. Moges, mweka hazina, atakuwa nyuma yake, na kila lango atasema kwamba habari ni ya kweli. Yaani walipokosa mdhamini wa kusaini, wakaweka mdhamini wa kutembea.

Nikamuuliza Kassahun, "Kama mna mtu wa pili wa kusema kweli, huyu wa kwanza ni wa nini?"

"Tsige, lazima tuwe waangalifu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Zewdu amemuuma nani?"

Akasema kikao kimefungwa.

Zewdu hakulalamika. Alisema watazoea. Mshahara wake wa kwanza alimnunulia mama netela nyeupe, mtandio wenye pindo za buluu, na mama akauvaa hata jikoni, akitafuta watu wa kumwuliza ameupata wapi. Mwanaume aliyekuwa anatembea akiwa amejibana ukutani akaanza kutembea katikati ya njia. Vijana wakawa wanamtania, "Zewdu, leo umetuletea nani?" naye anawajibu kwamba wao bado, shetani hajamaliza kuwapangia vyumba. Alikuwa na kazi. Nani asingejua maana yake? Nilijua pia kwamba akiipoteza hiyo, nyingine hakuna, si hapa Debre Birhan wala kwingine.

Ila watu hawakuzoea. Zewdu anapita kwanza, sauti safi, jina, kanisa, saa. Mtaa mzima uko macho, umemsikia, na umelala vile vile. Mpaka Moges apite akijikokota ndani ya magabi mawili, anapiga miayo, "Kweli, kweli," ndipo makomeo yanaanza kulia. Waswahili wanasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwetu ilikuwa inalia na jambo linasubiri Moges avae viatu.

Halafu mama akafa. Alifariki kabla ya kupambazuka, kwa utulivu, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Moges alikuwa Addis kwenye arusi ya mpwa wake. Desturi inataka mfiwa akae na maiti yake na watu wengine watangaze, nami nikasema tungoje, nitamtafuta mtu. Zewdu alikuwa ananawa uso.

"Mama hamngoji Moges," akasema. Akachukua tarumbeta akatoka.

Nilimsikia kutoka uani. Kona ya kwanza sauti ilikuwa imenyooka: Emama Zenebech amefariki, atazikwa kanisa la Giorgis, saa sita. Kisha ikabidi ataje watoto, maana ndiyo kanuni. "Mama wa Tsige," akasema. "Mama wa Zewdu." Hapo sauti ikakatika. Akalia. Akalia kama mtu yeyote aliyefiwa na mama alfajiri hiyo, na bado akaenda kona ya pili, akapuliza, akataja, akalia, akaenda ya tatu. Tarumbeta ikipulizwa na mtu anayelia hutoa sauti mbaya, sikatai.

Na mtaa ukalala. Walimsikia wote, baadaye waliniambia wenyewe, tena kwa huruma. Walivuta blanketi wakasema, masikini, kimemrudia. Mmoja alisikia kabisa jina la mama yangu na akasema moyoni kwamba sasa anamwua hata mama yake kwa mdomo. Mwingine aliita polisi. Lango moja tu lilifunguka, la Kassahun, na aliyetoka hakuwa Kassahun. Alikuwa mkewe, Wubalem, mwanamke mpole wa kusema kidogo, nywele wazi, viatu vya mumewe miguuni. Akaingia moja kwa moja akanisaidia kumnyoosha mama na kumfunga kidevu.

Mumewe akamfuata. Amesimama mlangoni kwangu na kofia yake, anasema, "Wubalem, rudi nyumbani, huyu kijana anaumwa," akamwona mama kitandani. Akavua kofia. Nami nilikuwa na maiti mbele yangu, la sivyo angenisikia.

Moges alishuka kwenye basi karibu saa tano. Akapita akisema ni kweli, jamani, ni kweli, na ndipo sufuria zikaanza kukimbia njiani, na watu wakaanguka uani kwangu kwa vilio vilivyochelewa. Tulimzika jioni, kwenye upepo, makasisi wamechoka. Kwa mujibu wa kanuni za chama chetu, mama yangu alifariki Moges aliposhuka kwenye basi.

Baada ya siku za tanga kamati ikatuita. Nikavaa vizuri. Mimi na upumbavu wangu nilidhani wanataka kuomba radhi, na nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kukubali kwa shingo upande. Kassahun akafungua kikao kwa sala, akakohoa, akasema suala lililopo ni kwamba mpiga mbiu ameonyesha dalili.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Mpiga mbiu alilia hadharani akiwa kazini, akawatia watu hofu, na matokeo yake wanachama walishindwa kuitika msiba. Yaani wao kulala ni kosa la Zewdu. Nilisimama nikasema niliyoyasema, sitayarudia hapa, mengine yalihusu ukoo wa Moges na hayakuwa ya lazima.

Zewdu akanishika mkono nikakaa. Yeye huwa hasemi vikaoni.

"Gashe Kassahun," akasema, "mama yako alipofariki, wewe ulifanya nini?"

Wote tulikuwepo siku hiyo. Kassahun alijitupa chini njiani, akachana shati, ikabidi wanaume wanne wamshike asijiumize.

"Ule ulikuwa msiba," Moges akasema.

"Na huu ulikuwa nini?"

Nikadhani tumeshinda. Wakapiga kura. Wakaamua Zewdu apumzike. Nalichukia neno hilo mpaka kesho. Mtu amekaa bila kazi tangu ujana, leo amepata moja, ndiyo anaambiwa apumzike. Zewdu akaiweka tarumbeta mezani taratibu, mdomo wa tarumbeta ukiwatazama wao, akatoka.

Akalala akiutazama ukuta. Dawa anakwenda kuchomwa, chakula anakula kidogo, akijibu anajibu vizuri, lakini amelala. Nami kila nikipita namchungulia: hii ni huzuni au ni ule ugonjwa? Nikawa najikasirikia, kwa sababu hilo ndilo swali lao, na sasa nalibeba mimi. Ukizungukwa na watu wanaopima kilio cha ndugu yako, hata wewe unaanza kukipima.

Kazi wakampa Moges. Mtu wa kwanza kufa alikuwa mzee wa kule karibu na kinu cha kusaga, na Moges akatangaza Mikaeli badala ya Giorgis. Nusu ya mtaa ikaenda Mikaeli na sufuria, turubai likasimamishwa kwenye kaburi lisilokuwepo, na mtoto wa marehemu akazika na watu wachache wa damu yake. Hakuna aliyesema Moges ana dalili. Walisema baridi imemchanganya, wakacheka, wakampa araki apashe moto koo.

Mara ya pili alikosea jina. Aliyekufa ni mdogo mtu, yeye akamtangaza mkubwa, aliye hai. Wanawake wakaingia uani kwa yule mzee wanajipiga vifua, wakamkuta anakunywa kahawa. Akawauliza wanamlilia nani. Wakacheka tena, wiki nzima wakacheka, na yule mzee akaitwa Lazaro. Mimi sikucheka. Zewdu, katika mwaka mzima na zaidi, hakuwahi kukosea jina, kanisa wala saa. Angekosea moja tu kati ya hayo angefungwa kamba.

Asubuhi moja, kabla hakujakucha vizuri, nikiwa nakoleza moto wa kuokea, mtu akagonga. Nikafungua nikamkuta Kassahun. Hana kofia. Viatu bila soksi, na tarumbeta ameikumbatia ndani ya gabi.

"Niitie Zewdu," akasema.

Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu muda mrefu. Nilikuwa nimeyapanga nikikanda, nimeyapanga nikioka, nilijua litaanza lipi na litafuata lipi. Nikasimama katikati ya lango.

"Zewdu amepumzika. Si mlisema apumzike? Na mtu wako wa pili yuko wapi leo, hajavaa viatu?"

"Hakuna mtu wa pili."

"Tangu lini? Nani amepiga kura?"

"Tsige," akasema, "ni Wubalem. Presha. Nimeamka nikamkuta hivyo. Simtaki Moges. Niitie Zewdu, yeye ndiye amtangaze."

Zewdu alikuwa ameshasimama nyuma yangu, koti mwilini. Sijui aliamka saa ngapi. Akauliza kama anavyouliza siku zote, kanisa lipi na saa ngapi. Kassahun akajibu, Giorgis, saa saba. Akauliza ataje mama wa nani. Kassahun akafungua mdomo ataje watoto wake, na majina yakagoma kutoka. Akakaa kwenye kigoda changu karibu na beseni la unga, akaanza kulia.

"Lia tu, Gashe," Zewdu akasema. "Majina nayajua." Akaichukua tarumbeta kutoka kwenye gabi lake, akatoka.

Nikasikia kona ya kwanza. Alimtaja vizuri, mama wa huyu na mama wa huyu, sauti imenyooka, na kabla hajamaliza nikasikia komeo la kwanza likivutwa, kisha la pili, kisha mlango wa Moges ule wa bati. Hakuna aliyengoja. Watu walikuwa wanakimbia na sufuria wakati yeye hajafika hata kona ya tatu.

Maneno yangu yote nilikuwa bado ninayo. Nikamletea Kassahun maji. Alikuwa analia kwa sauti kubwa, anajipiga mapaja, anamwita mkewe, njia nzima ikimsikia, na waliopita langoni walivua kofia.